Bury Haikujizika

Wengi wetu tunazijua ligi za chini za Uingereza kupitia mkeka. Jumamosi unaona timu ya League Two, hujui hata iko mji gani, unaiweka, inakuchania mkeka, unaitukana, maisha yanaendelea. Ndiyo maana Bury ilipofukuzwa kwenye ligi tarehe 27 Agosti 2019, jamaa mmoja pale base alisema tu, "Si walikula pesa hawana? Wacha ife." Watu wakacheka, mimi pia nikacheka. Hilo jibu langu limenisumbua, kwa hivyo leo nalifuta.

Kwanza, heshima. Bury ni mji ulio kaskazini mwa Manchester, karibu kabisa. Klabu yake ilianzishwa 1885. Ilibeba Kombe la FA 1900, ikarudia 1903. Hiyo ya pili iliipiga Derby County 6-0 kwenye fainali, na katika mechi zote za kombe msimu huo haikufungwa hata bao moja. Ushindi huo ulibaki peke yake kwenye fainali hadi Mei 2019, City ilipoipiga Watford 6-0. Siku hiyo tulipiga kelele hadi usiku. Miezi mitatu baadaye, wenye rekodi hawakuwa na ligi ya kuchezea.

Sasa tuje kwa "walikula pesa". Walikula nani? Chini ya mmiliki wa awali, klabu ilitumia kuliko ilivyoingiza, na uwanja wa Gigg Lane ukawekwa rehani. Desemba 2018 akamuuzia Steve Dale kwa pauni 1. Pauni moja, wasee! Na ligi iliacha biashara ipite kabla ya kupata ushahidi wa kutosha kwamba mnunuzi ana pesa za kuiendesha. Wewe ukitaka bedsitter Nairobi, caretaker hakupi ufunguo kabla ya deposit. Klabu ya miaka 133 ilipewa mtu kwa masharti mepesi kuliko hayo.

Angalia basi waliobeba mzigo. Wachezaji walikaa bila mshahara na bado wakaipandisha timu hadi League One. Mashabiki waliposikia kuna mnunuzi mpya, walikuja wenyewe kuusafisha uwanja wawe tayari kwa mechi. Mnunuzi akajitoa, ligi ikaangalia saa, ikafunga mlango.

"Sheria ni sheria," utaniambia. Sawa. Mimi niliacha chuo kwa sababu ya karo, kwa hivyo tarehe ya mwisho naijua, haina undugu na mtu. Lakini deni langu lilikuwa langu. Mzee aliyekuwa akikaa kiti kilekile Gigg Lane tangu utotoni alidaiwa nini? Alilipa tiketi yake. Hakusaini mkopo wowote. Bado yeye ndiye aliyenyang'anywa Jumamosi zake.

Hapo ndipo hii hadithi ya "mpira ni biashara" inaponichosha. Kiwanda cha sabuni kikifungwa, unanunua sabuni nyingine. Mwambie mtu wa Bury ahamie City uone atakavyokujibu. Kwenye karatasi klabu ni ya mmiliki, lakini mmiliki anaweza kuuza na kuondoka. Shabiki hana pa kuondokea.

Na ushahidi upo. Walioirudisha Bury ni mashabiki. Gigg Lane ilinunuliwa tena 2022 kwa michango ya mashabiki na ruzuku ya serikali. Mwaka 2023 mashabiki walikubali kuungana, na jina la Bury likarudi uwanjani, kwenye daraja la tisa. Bunge la Uingereza nalo limepitisha 2025 sheria ya kuunda msimamizi huru wa soka, atakayewachunguza wanaotaka kumiliki klabu. Vizuri, lakini wa Bury walihitaji mtu huyo 2018.

Kwa hivyo, ndugu yangu wa base, timu ikichania mkeka wako Jumamosi, itukane, ni haki yako. Ila ukisikia klabu inakufa, usianze na "wacha ife". Anza kwa kuuliza nani alikopa, nani alimruhusu, na nani anaachiwa bili.