Mgeni Asikutangulie Kuujua Mtaa Wako

Majuzi mwenzetu mmoja wa dawati hili alisimamishwa na dada Mholanzi katikati ya Kibera. Dada huyo anafanya kazi Gigiri, anakaa Lavington, na Jumamosi hiyo alikuwa anatafuta studio ya wasanii wa Maasai Mbili. Mwenzetu amezaliwa Kibera, amesomea Kibera na bado analala Kibera. Akakuna kichwa. Ikabidi mgeni atoe simu, waangalie ramani pamoja, na kumbe mahali penyewe palikuwa mwendo wa dakika chache tu. Jamaa amepapita miaka yote akidhani ni kwa mafundi wa kuandika mabango.

Tulimcheka sana ofisini. Halafu tukaanza kuulizana maswali, na kicheko kikaisha. Nani hapa ameshakula gurusa ya Wanubi pale Makina? Mmoja tu. Nani wa Kawangware ameshaingia Kibera bila kuitwa na matanga au mechi? Kimya. Nani wa Kibera anajua Gatina iko upande gani wa Kawangware? Kimya zaidi.

Ndiyo sababu leo tunaongea nawe, kijana wa Namba Nane na wa 46. Toka utembee. Wageni wanaohamia Amsterdam au Rotterdam hawangoji likizo: wikendi ikifika wanatafuta soko la mtaa, jumba dogo la makumbusho, mkahawa ambao wenyeji tu ndio wanaujua. Hawaoni haya kuwa watalii mahali wanapoishi. Sisi tumeaminishwa kwamba kutembea ni Mombasa au Maasai Mara, kwa hivyo tunangoja pesa ambazo haziji, na Jumamosi inaishia kwenye simu.

Tuanze na hao Maasai Mbili. Mwenzetu hakukosea sana, kwa sababu Otieno Gomba na Otieno Kota walikuwa waandishi wa mabango kabla ya kuanzisha kundi lao mwaka wa 2001. Si Wamaasai. Walitembea mtaani wamejifunga shuka wakitafuta kazi, jina likawashika. Baadaye akaja Solomon Muyundo, ambaye wengi wanamjua kama Solo 7. Wakati Kibera ilipowaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, yeye alishika brashi na rangi akaandika maneno ya amani kwenye kuta, mabati na barabara. Kama ulizaliwa baada ya hapo, hujaambiwa darasani kwamba kuna mtu wa mtaa wako aliyefanya hivyo. Mgeni wa Lavington alikuwa anajua.

Makina nako kuna hadithi ya jina lenyewe. Kibra, kwa Kinubi, ni msitu. Askari Wanubi wa King's African Rifles walipewa makao hapa mwanzoni mwa karne iliyopita, palipokuwa na miti kweli, na wajukuu wao walingoja mpaka 2017 ndipo serikali ikawapa hati ya ardhi ya ekari 288. Ukitaka kuyajua haya usiende na daftari kama afisa wa sensa. Nenda ule. Salimia, kaa, ulizia zile tabaga za rangi wanazofunikia chakula, na ukimpata nyanya mwenye wakati atakupa historia ambayo hutaipata popote. Mwite nyanya, usimwite “madhee”.

Sasa, kuna wanaosema mtaa si makumbusho, na watu si wanyama wa kutazamwa. Tunakubaliana nao kabisa. Kennedy Odede, aliyekulia Kibera na kuanzisha SHOFCO, aliandika katika New York Times mwaka wa 2010 jinsi alivyopigwa picha na mtalii akiwa kijana wa miaka 16, nje ya nyumba yao, akiosha vyombo. Alijihisi kama chui milia ndani ya kizimba. Ziara za namna hiyo bado zipo. Van inasimama, watu wanashuka, wanapiga picha mtaro, wanaondoka, na aliyelipwa mara nyingi hajui hata Lindi na Silanga zinapakana vipi.

Lakini pengo hilo nani ameliacha wazi? Asiyejua kwao hawezi kumrekebisha anayewadanganya wageni. Kwa miaka mingi dunia iliambiwa Kibera ina watu milioni moja au zaidi. Sensa ya 2009 ilihesabu 170,070. Unaweza kubishana na hesabu hiyo, na wengi wamebishana, ila angalau uijue. Mwaka huohuo wa 2009 vijana wa Kibera walipewa vifaa vya GPS wakatembea kichochoro kwa kichochoro, wakachora mtaa ambao kwenye ramani za mtandaoni ulikuwa karibu doa tupu. Mradi huo ni Map Kibera. Pengine ramani aliyotumia yule dada Mholanzi ina jasho la vijana wa hapahapa. Mwenzetu alikuwa anaongozwa na kazi ya majirani zake, kupitia simu ya mgeni!

Kawangware haina sifa kama Kibera, na huo ndio utamu wake. Hakuna van. Lavington iko jirani kabisa, ila wanaovuka kila asubuhi ni mafundi, mabawabu na kina mama wa kufua, na jioni ni walewale wanaorudi. Nenda sokoni usimame kwa mama mboga anayechambua managu. Muulize anaiitaje kwao. Mluhya atakwambia lisutsa, Mjaluo osuga, Mkisii rinagu, na ghafla wateja watatu wanabishana juu ya namna ya kuipika, maziwa yaingie au yasiingie. Hapo umepata somo la Kenya bila kulipa kiingilio. Jumapili tega sikio: ukisikia ngoma za isukuti, fahamu kwamba UNESCO iliziweka mwaka wa 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Zinahitaji kulindwa, nawe unapandisha sauti ya earphone.

Tunapendekeza safari moja, na ni ya miguu. Kutaneni Toi asubuhi, mbogi ya watu wanne au watano, kabla wachuuzi hawajamaliza kuuza zile nguo za kamera. Shikeni Ngong Road kupitia Adams na Jamhuri hadi Dagoretti Corner, kisha mfuate Naivasha Road mpaka Kawangware. Mkichoka, mathree zipo. Pesa ya chapo dondo kwa kila mtu inatosha. Wiki inayofuata wa Kawangware nao waje huku.

Masharti ni machache. Tembeeni mchana na pamoja, hasa kina dada, maana hatutadanganya kwamba kila kichochoro ni salama. Simu ikae mfukoni mpaka mtu akubali kupigwa picha, na akikataa, mambo yaishe hapo. Nunueni kitu. Na nyinyi walimu mnaokodisha basi kila mwaka kupeleka wanafunzi Nakuru kuona flamingo, hebu siku moja wapelekeni Makina kwa miguu.

Mwenzetu yule amesharudi Maasai Mbili mara mbili. Mara ya pili alimkuta dada Mholanzi hapo, na safari hii yeye ndiye aliyempeleka kula gurusa. Anasema mgeni alimaliza sahani, akauliza kama Kawangware ni mbali.