Kabla ya kulaumu bajeti, muulize dairekta

Kuna wimbo ambao kila mtu anayehusika na filamu za Kenya anaujua kwa kichwa. Muvi ikianguka, shida ni pesa. Pesa zikipatikana, shida ni kamera. Kamera ikiwa kali, basi ni watazamaji hawapendi cha kwao, ama serikali haijali, ama wale jamaa wa kuuza nakala za magendo wamekula jasho la watu. Kuna mtu mmoja tu ambaye hatajwi kwenye lawama hizo zote, na ndiye aliyekuwa ameketi mbele ya monita akiamua "rudia" au "hiyo imeingia, twende mbele". Mwelekezi. Dairekta mwenyewe.

Mimi naona tuanze na huyo.

Sikiza vile tunaongea. "Ile muvi ya Kate Actress." "Ile muvi ya Nick Mutuma." Uliza mtu kwenye mat ni nani alielekeza hiyo muvi, atakuangalia kama umemuuliza jina la rubani wa ndege aliyopanda mwaka jana. Na bado kila kitu ulichopenda ama kuchukia kwenye hiyo muvi, kuanzia nani anaigiza, anaongea lugha gani, kamera inakaa usoni pake sekunde ngapi, hadi pale inapokatwa, kilipita kwa mtu mmoja akasema ndiyo au hapana.

Chukua Nairobi Half Life ya 2012. Hadithi yake kwenye karatasi imezeeka kuliko reli. Kijana anatoka mashambani, anakuja Nairobi kutafuta maisha, anaporwa siku ya kwanza, anaishia kuwa mwizi. Hiyo tuliambiwa tangu tukiwa shule ya msingi, mwalimu akitutisha tusome. Mpe dairekta mwingine skripti hiyo, atakutolea mahubiri ya saa moja na nusu.

David "Tosh" Gitonga, na hiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza, aliwaacha watu waongee. Kiswahili, Kikuyu, Sheng, Kiingereza kidogo, kila mtu kulingana na anayeongea naye, vile sisi hufanya bila kufikiria. Hakuna mwizi anayeongea kama mtangazaji wa habari. Halafu akampa Joseph Wairimu kazi ya kuwa Mwas, sura ambayo wengi wetu hatukuwa tumeizoea, na Wairimu akatoka Durban mwaka huo na tuzo ya mwigizaji bora. Kuna watu watasema hiyo ni bahati. Bahati gani? Mtu alikaa kwenye chumba cha majaribio akaona kijana huyo, akaacha wengine.

Na kuna ile sehemu ya choo cha seli. Kama umeiona, hujaisahau. Mwas anaamrishwa kuosha choo ambacho unaweza kukinusa kupitia skrini. Dairekta mwoga angeikata mapema, ama angeweka muziki wa huzuni ili tumhurumie. Gitonga anakaa hapo mpaka tumbo likugeuke. Ukimaliza, unaelewa bila kuambiwa kwa nini Mwas atamfuata Oti, jamaa waliyekutana huko ndani, popote atakapompeleka. Nairobi nzima ilimpokea kwa kumpora na kumfunga. Oti alimpokea kama mtu. Baadaye wakianza kuiba vipuri vya magari, wewe uliye na gari unajipata ukiombea wasishikwe. Hiyo si kazi ya bajeti. Ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania Oscar.

Najua mtaniambia nini. "Wajerumani walileta pesa." Ni kweli. Filamu hiyo ilitoka kwenye mradi wa One Fine Day Films, wa Tom Tykwer, yule aliyeelekeza Run Lola Run, na Marie Steinmann. Kulikuwa na mafunzo, kulikuwa na vifaa. Lakini mradi huo huo umetoa filamu kadhaa, na hapo ndipo hoja ya pesa inapoanza kuchechemea. Soul Boy ya Hawa Essuman, 2010, ni kijana wa Kibera anayehangaika kurudisha roho ya babake. Something Necessary ya Judy Kibinge, 2013, ni majeraha ya ghasia za baada ya uchaguzi. Kati Kati ya Mbithi Masya, yule wa Just A Band, 2016, ni mwanamke anayejikuta nyikani, kwenye hoteli ya watu ambao tayari wamekufa. Supa Modo ya Likarion Wainaina, 2018, ni msichana mgonjwa anayetaka kuwa shujaa wa kuruka angani.

Mradi mmoja, mlango mmoja wa pesa. Ziweke pamoja uone kama kuna mbili zinazofanana. Kama ni pesa iliyotengeneza hizo filamu, mbona Kati Kati ni tulivu hivyo na Nairobi Half Life ina fujo hivyo? Masya alichukua mahali pamoja na watu wachache, akaacha kimya kifanye kazi, na wahakiki wa kimataifa wakampa tuzo yao kule Toronto. Wainaina alikuwa na hadithi ya mtoto anayekufa, kitu rahisi zaidi duniani cha kulizia watu, akaamua kutupa mchezo na kicheko kwanza. Ndiyo maana mwisho wake unakupiga.

Na kama bado unaamini pesa ndiyo jibu, muulize Francis Ford Coppola. Mzee wa The Godfather, heshima zote kwake. Alitoa takriban dola milioni 120 zake mwenyewe kutengeneza Megalopolis, ikatoka 2024, ikarudisha kama milioni 14 kwenye majumba ya sinema. Hakuna mtu wa kumwambia hapana, hakuna bosi wa studio, pesa tele. Upande ule mwingine kuna Steven Spielberg akitengeneza Jaws mwaka wa 1975. Papa wake wa mashine aliharibika kila saa kwenye maji ya chumvi, kwa hivyo akalazimika kumficha karibu nusu ya filamu. Watu wakaogopa maji kwa sababu ya papa ambaye hawakumwona.

Sasa, kufaulu kwenyewe ni nini? Hapo Rafiki ya Wanuri Kahiu inanisumbua, na ni vizuri inisumbue. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes, 2018. Ni hadithi ya wasichana wawili wanaopendana, na bodi ya filamu ikaipiga marufuku hapa nyumbani. Kahiu alieleza kwamba waliutaka mwisho ubadilishwe, kwamba ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Akakataa. Akaenda kortini, Mahakama Kuu ikafungua dirisha la siku 7 mwezi Septemba ili filamu iweze kuwania kuteuliwa kwenda Oscar, na watu wakajaa Prestige hadi tiketi zikaisha. Mwishowe Kenya ilipeleka Supa Modo. Unaweza kukubaliana na hadithi ya Rafiki ama usikubali, hilo ni lako. Lakini dakika chache za mwisho, uamuzi wa mtu mmoja, ziliifungia filamu soko lake la nyumbani na kuipa uhai kwingine kote. Angekubali kuubadilisha, labda ingeonyeshwa hapa mwezi mzima na leo hakuna mtu angekuwa anaiongelea.

Baada ya kuacha chuo nilifanya kazi za mkono kwenye seti kadhaa. Kubeba stendi za taa, kununua chai, kuomba watu wa ploti wasipite nyuma ya kamera. Ukiwa hapo chini unaona mengi. Niliwahi kuona dairekta akitumia asubuhi nzima kurusha droni ili apate barabara kutoka juu, halafu sehemu ya mama kuambiwa mwanawe ameuawa ikapewa kama dakika 20 kwa sababu jua lilikuwa linazama. Yule mama alikuwa mwigizaji mzuri, bana. Aliomba arudie mara moja tu. Akaambiwa iko sawa.

Ndiyo maana muvi zetu nyingi zinaanza na KICC kutoka angani, kisha Thika Road, kisha saa ya kengele inalia na mtu anaamka amepaka make-up. Ndiyo maana watu wa Umoja wanaongea Kiingereza cha Westlands. Ndiyo maana jenereta ya jirani inanguruma katikati ya mapenzi, kwa vile dairekta alisema mambo ya sauti yatamalizwa wakati wa kuhariri. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji mfadhili. Kumwambia mwigizaji "sema vile ungesema nyumbani" ni bure.

Sitasema dairekta ni Mungu. Hawezi kuongeza majumba ya sinema nje ya Nairobi, wala kupunguza bei ya tiketi. Mara nyingi pesa zinatoka kwa shirika fulani ambalo tayari limeamua ujumbe: usitumie dawa, piga kura kwa amani, nenda ukapimwe. Dairekta anageuka tarishi. Hapo ninamwonea huruma, kwa sababu kodi ya nyumba haingoji sanaa. Ila hata ujumbe wa kulipiwa unaweza kupewa mtu wa kweli wa kuubeba, na tofauti ya aliyejaribu na asiyejaribu inaonekana ndani ya dakika 5.

Kinachonitia wasiwasi ni hawa vijana wanaoanza sasa, kwa sababu wimbo ni ule ule wanaofundishwa. Kuna jamaa yangu Kayole, mkali wa hadithi, anayekuchekesha hadi ukose pumzi akikuelezea tu vile landilodi alikuja asubuhi. Amechukua mkopo wa chama kununua kamera na lenzi mbili. Atalipa miezi 18. Anataka kupiga filamu yake fupi Desemba, ndani ya keja ya mamake, hadithi ya mama na mwana ambao hawajaongea mwaka mzima. Nilimuuliza nani ataigiza huyo mama. Akaniambia hilo ni jambo dogo, watampata wiki ile ya kupiga. Kisha akanionyesha kwenye simu bei ya droni.