Mchekeshaji wa Darasani Apimwe kwa Kipimo Gani?

Walimu wanafunzi hubishana: nani bora, marehemu King Majuto wa Tanga, aliyefariki mwaka 2018, au Joti? Ubishi huo ni halali, tena wafaa kuingia darasani kwa njia ya simu au redio. Lakini kipimo cha mwalimu si wingi wa kicheko.

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, watoto wengi huanza shule wakiwa na Kiiraqw au Kidatoga, lugha zisizo za Kibantu. Mzaha unaodhihaki lafudhi humfundisha mtoto huyo kunyamaza. Na anyamazaye hajifunzi lugha. Hatuna budi, basi, kuchagua mzaha uliomo katika kisa chenyewe. Pwagu na Pwaguzi wa iliyokuwa Redio Tanzania Dar es Salaam walibeba methali nzima katika majina yao: mjanja hukutana na mjanja zaidi. Kichekesho cha namna hiyo hakihitaji lafudhi ya mtu yeyote.

Wanafunzi wasikilize kwa dakika tano, kisha wajadili: nani amechekesha zaidi, na kwa nini? Ajibuye kwa Kiswahili kibovu asikatizwe. Hoja itangulie, sarufi itafuata.