Goma: Namba ya simu ya duka si pambo la kibao

Tokea Birere mpaka Ndosho, ni vigumu kukuta duka, famasi ao atelye ya fundi cherehani isiyokuwa na namba ya simu kwenye kibao. Namba ziko nyingi. Zenye kumsaidia mteja ni chache. Moja imefutwa na mvua, nyingine inakosa tarakimu ya mwisho, nyingine ni ya puce ambayo mwenye duka aliitupa zamani. Wauzaji wengi wanasema hilo ni jambo dogo. Wanakosea, na kosa lao linalipwa na wale wasiokuwa na kitu.

Zamani muuzaji aliweza kusema: "Mteja wangu ananijua, atakuja mwenyewe." Leo mteja huyo yuko wapi? Tangu M23 ilipouchukua mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, kambi za pembeni ya mji ziliachwa tupu na watu wakatawanyika. Kuna waliorudi Masisi na Rutshuru, kuna wanaoishi kwa jamaa ndani ya mitaa, na kuna waliovuka mpaka kwenda Uganda na Burundi. Mabenki nayo yakafunga milango, feza zikabaki kupitia kwenye simu. Mtoto aliye mbali anayetaka kumlipia mama yake dawa mjini Goma hana njia ingine isipokuwa namba ya famasi. Kwake yeye, namba ile ndiyo mlango wa duka, na ndiyo sanduku la feza.

Kwa hiyo namba iandikwe kamili. Mtu aliye kambini Uganda akipiga namba inayoanza na 099 bila kodi ya nchi, simu haifiki Congo. Anahitaji +243, halafu namba bila ile sifuri ya mbele. Wengine wanaandika +243 na kuiacha sifuri palepale, wakidhani wamesaidia. Hapa kwetu mpakani kuna shida ingine: wauzaji wengi wana puce ya Rwanda pia. Namba ya Rwanda inayoanza na 078 ina tarakimu kumi sawasawa na ya Congo. Ikiandikwa bila +250, mteja wa Sake ataipiga mpaka achoke.

Tena, mtandao mmoja hautoshi. Mteja mwenye forfait ya Vodacom anaogopa kupiga Airtel, kwa sababu uniti zake zitaisha kabla ya kujua bei ya mfuko wa unga. Na kuna vijiji ambako mtandao mmoja unashika na mwingine haushiki. Mwenye duka anayeweza kuwa na puce mbili aandike zote mbili, na aonyeshe ni ipi ya M-Pesa, ni ipi ya Airtel Money ao Orange Money. Chini yake aandike jina lile mteja atakaloliona kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Duka likiwa na jina moja na akaunti ikaleta jina lingine ambalo mteja hajawahi kusikia, afanye nini? Akiogopa, dawa hainunuliwi. Akituma bila kuogopa, amejifunza tabia ambayo matapeli wanaipenda sana.

Lakini penye aibu zaidi ni kwenye redio. Tangazo zima linasomwa kwa Kiswahili kizuri, bei na mahali pa duka vinaeleweka, halafu namba inatupwa kwa Kifaransa, mbio mbio, mara moja tu: "zéro nonante-sept..." Mama aliyekimbia Kitshanga na hakusoma Kifaransa anaandika nini hapo? Na "quatre-vingt-quatre" mtu anaweza kuisikia kama 4, kisha 24. Tangazo limelipiwa, muuzaji amefurahi kusikia jina lake, na msikilizaji amebaki na karatasi tupu. Namba isomwe kwa Kiswahili, tarakimu moja moja, polepole, mara mbili. Sifuri, tisa, saba. Mwenye kulipia tangazo ana haki ya kulidai hilo, na mtangazaji hana sababu ya kulikataa.

Wauzaji wana jibu lao, na si la kudharauliwa. Wanasema namba ikiwa wazi inaleta wezi, watu wa kuomba feza kwa vitisho, na wanaume wanaosumbua mama muuzaji usiku. Ni kweli, mambo hayo yapo. Lakini kuficha namba hakumzuii mwizi, maana mwizi anaijua njia ya kufika dukani. Anayezuiliwa ni mteja wa mbali. Dawa ni kutenganisha: puce ya duka iwe ya duka, ile ya nyumbani ibaki kwa familia. Kibao kiandike saa ambazo simu inapokelewa, na jioni simu ya duka izimwe. Hapo hata umeme ukikatika, mteja anajua apige saa ngapi, hapotezi mchana mzima akijaribu simu isiyokuwa na moto.

Wengine wanasema kubadili puce ni haki yao. Ni haki, lakini puce isiyotumiwa siku nyingi inafungwa na mtandao, na namba inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Huyo akipokea feza za mteja wako, utamtafuta wapi? Anayebadili namba aiweke ya zamani hai kwa miezi kadhaa, aseme kwa sauti yake mwenyewe kwamba amebadili, na afute ile ya zamani kila mahali ilipoandikwa. Kubandika karatasi juu ya kibao hakutoshi. Hata tapeli anaweza kubandika karatasi usiku.

Rangi ya kuandika kibao upya si bei kubwa. Kabla ya kuinunua, kila mwenye duka aombe simu ya jirani, apige namba iliyo ukutani kwake, asikilize ni nani anayejibu.