Kuhesabu Kiingereza kwa Kamba

Katika mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024, Kiingereza huanza darasa la kwanza, wala hakingoji tena darasa la tatu. Basi watoto wetu hapa Babati warudi nyumbani wakiimba "wani, tuu, tirii", nasi twafurahi kwamba wamejua. Lakini mtoto huyo akifika sekondari, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza, mwalimu atamsomea hesabu kwa mdomo. Akisikia "thirty" akaandika 13, atakosa jibu ingawa hesabu yenyewe aijua vizuri.

Dawa yake ni mchezo, wala si fimbo. Tuanze na kuruka kamba. Kila silabi ni mruko mmoja. "Six" ni silabi moja, basi aruke mara moja. Asemaye "sikisi" ametia silabi tatu mahali pa moja. Kamba haimngoji, itamnasa miguu. Vivyo hivyo "faivu" na "eiti". Toka moja hata kumi, ni "seven" peke yake yenye silabi mbili, nayo ipewe miruko miwili.

Wako wasemao kwamba ndimi zetu haziwezi kumaliza neno bila irabu. Hasha! Mwambieni mtoto wa Kiiraqw ahesabu kwa lugha ya nyumbani: wak, tsar, tam. Irabu ya mwisho iko wapi? Ulimi wake ulikwisha jifunza kwa mama yake. Ni mazoea ya Kiswahili yanayomtilia zile "i" na "u". Basi mtoto yule anayechekwa kwa lafudhi ya kwao ndiye awe kiongozi wa kamba, wengine wamfuate.

"Three" ina shida yake. Sauti yake ya mwanzo ni ile ile ya thelathini na themanini, lakini sisi watu wa bara twasema "selasini", tena watu wazima! Tusahihishe kwanza Kiswahili chetu. Kisha watoto wawili watazamane: mmoja ahesabu toka moja hata kumi kwa Kiingereza, mwenzake apige kelele "Nauona!" kila ncha ya ulimi inapotokea katikati ya meno. Yapasa ionekane mara moja tu, penye "three".

Kazi kubwa ni 13 na 30. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, nasi twaibeba desturi hiyo hata katika Kiingereza. Basi "thirteen" yetu yasikika kama "thirty". Kijana wa dukani akimtajia mgeni aendaye Tarangire bei ya shilingi 13,000, mgeni akasikia 30,000, biashara imekufa hapo hapo.

Uani chagueni mahali pawili: mlangoni ni 13, mtini ni 30. Mmoja aite, wengine wakimbie. "Thirteen" ivutwe mwishoni na ile "n" isikike. "Thirty" ikazwe mwanzoni, mwisho wake ukatwe upesi. Wakigawanyika, hawa mlangoni na hawa mtini, aliyeita arudie, wala asichekwe. Wakizoea, endeleeni na 14 na 40, mpaka 19 na 90. Mwiteni na baba acheze; mara nyingi ndiye atakayekutwa peke yake chini ya mti.