Msambu na musizi: nani atabaki katika msitu wa Amani?

Ukipanda barabara ya Muheza kwenda Amani, msitu unaonekana mzima. Kila upande ni kijani, ukungu umekaa juu ya vilele na maji yanashuka mabondeni. Lakini simama utazame mti mmoja mmoja. Mahali pengi utakuta sehemu kubwa ya kijani hicho ni ya musizi, mti ambao si wa asili ya milima hii.

Wasikilizaji wetu wamekuwa wakituuliza swali moja kwa namna mbalimbali: kama musizi unaiziba nafasi ya miti ya asili, ukiwemo msambu wetu, kwa nini usikatwe wote? Swali ni zuri. Jibu lake linahitaji tuijue kwanza miti hii miwili.

Msambu ni mti gani?

Kwa wenyeji wa Usambara Mashariki msambu hauhitaji utambulisho. Ni mti mrefu, unaofika mita 30 na zaidi, wenye matunda makubwa mazito yanayoanguka yenyewe yakiiva. Ndani yake mna mbegu zenye mafuta yanayoganda, ambayo wazee wetu walipikia na kutengenezea sabuni. Tangu miaka ya 2000 mbegu hizo zimekuwa zikinunuliwa pia na kampuni za nje, na kwa familia nyingi, hasa akina mama, zimekuwa fedha ya daftari, sare na chumvi.

Msambu hauoti kiasili popote nje ya Tanzania. Makazi yake ni misitu ya milima ya Tao la Mashariki, nayo imepungua sana kwa mashamba na ukataji wa mbao. Ndiyo maana umeingizwa katika orodha ya kimataifa ya miti inayotishiwa kutoweka.

Musizi ulifikaje?

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, wakaleta mimea ya kila aina kuijaribu. Musizi uliletwa mwanzoni mwa karne hiyo ya 20. Kwao ni Afrika ya Magharibi na ya Kati hadi Uganda na Kagera, na huko ni mwenyeji asiye na ugomvi na mtu.

Tatizo lilikua baadaye. Katika miaka ya 1960 na 1970 musizi ulipandwa kwa wingi Kwamkoro. Kipindi hichohicho na kuendelea hadi miaka ya 1980, misitu ya asili ilivunwa kwa ajili ya mbao. Magogo makubwa yalipotoka, mwanga wa jua ulifika chini mahali ambapo haukuwa umefika kwa miaka mingi. Musizi ulikuwa jirani, ukiusubiri mwanga huo.

Kwa nini mgeni anashinda?

Musizi hukua haraka na huzaa matunda mengi madogo. Hondohondo huyala, huruka nayo mbali na kuziangusha mbegu popote. Nyani na kima nao husaidia. Penye uwazi wowote, palipoanguka mti au palipofyekwa, mche wa musizi huwahi.

Msambu ni kinyume chake. Tunda lake ni zito, hakuna ndege wa kulibeba. Huanguka chini ya mama yake, na msambazaji wake mkubwa ni panya buku, ambaye hubeba mbegu hatua chache, nyingine akala, nyingine akazificha ardhini na kuzisahau. Mbegu yenyewe hukaa muda mrefu kabla ya kuota. Tena kuna misambu dume na jike. Dume haizai tunda, na jike likisimama peke yake mbali na dume halina faida kubwa.

Kwa hiyo mashindano hayako baina ya miti mikubwa unayoiona. Yako chini, baina ya miche. Msambu wa miaka mingi unaweza kusimama imara katikati ya musizi, ukazaa kila msimu, na bado usiwe na mtoto hata mmoja wa kurithi nafasi yake.

Je, tuukate musizi wote?

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Kinachoupa musizi nguvu ni mwanga. Ukikata musizi mkubwa unafungua uwazi, na katika uwazi huo itaota mingine kumi, pamoja na vichaka vingine vya kigeni. Utakuwa umefukuza mgeni mmoja kwa kumfungulia mlango ukoo wake.

Lakini musizi nao una udhaifu. Mche wake hauvumilii kivuli, hata kivuli cha mzazi wake. Mche wa msambu huvumilia. Maana yake, chini ya musizi uliokomaa ipo nafasi ya miti ya asili kurudi, mradi mbegu zifike na miche isifyekwe. Njia yenye matumaini ni kung'oa miche midogo ya musizi kwenye uwazi mpya, kuacha kivuli cha ile mikubwa, na kupanda miti ya asili chini yake.

Tusisahau sheria. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, na hakuna anayeruhusiwa kukata mti humo bila kibali, hata kama mti huo ni mgeni. Kazi ndani ya hifadhi ifanywe pamoja na wahifadhi.

Mbegu na mfuko wa nyumbani

Lipo jambo gumu zaidi, nalo linatuhusu sisi wenyewe. Mbegu inayouzwa ni mbegu isiyoota. Tukiokota kila tunda, tunaumaliza msambu polepole bila kuugusa kwa panga. Lakini tukizuia watu kuokota kabisa, tunaondoa sababu iliyowafanya wakulima wengi kuuacha msambu usimame katikati ya iliki na chai. Mti usio na faida kwa mwenye shamba hauchukui muda kuwa kuni.

Kwa maoni yetu, uokotaji uendelee, lakini kila kikundi kikubaliane kuacha sehemu ya matunda chini ya kila mti, na kila anayeuza apande. Msambu wa mbegu huchukua zaidi ya miaka kumi kuzaa. Miche ya kubebesha huzaa mapema zaidi, na humhakikishia mkulima kwamba amepanda jike. Wanunuzi nao wana deni: wanaofaidi mbegu wachangie miche. Na wewe mwenye shamba la iliki, unapopalilia, tazama kwanza unachokifyeka. Jani pana gumu linalong'aa huenda ni mche wa msambu uliosubiri muda mrefu kutoka ardhini.

Maji ya Mto Zigi yanayonywewa Tanga mjini yanaanzia katika milima hii, kwa hiyo suala hili si la watu wa Amani peke yao. Hondohondo ataendelea kuubeba musizi bila kutumwa na mtu. Msambu hauna ndege wa kuubeba. Ukifika mbali, itakuwa ni kwa mikono yetu.