Kuongeza Matiti: Siku Zinazofuata Kisu



Juma lililopita, pale Rumonge, karibu na ufuko unaopokea mitumbwi ya ndagala alfajiri, bibi mmoja, mke wa askari, alinivuta kando. Amekwisha kunyonyesha watoto wanne. Mumewe alikuwa miongoni mwa askari wetu waliolinda amani Somalia, na akiba ipo kidogo. Naye bibi ana nia ya kwenda Dar es Salaam kuongezwa matiti. Alitaka kujua bei tu. Nilimjibu kwamba bei ataambiwa na hospitali. Mimi nilitaka kujua ni nani atakayembebea ndoo.

Nia yake siicheki. (Wepesi wa kuicheka ni wanaume, na mara nyingi ndio walioianzisha.) Wala si jambo la Ulaya peke yake: mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kufanya upasuaji wa urembo, ukiwamo wa matiti.

Kazi yenyewe huchukua saa moja au mbili. Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi, daktari hupasua chini ya titi au kwapani, kisha hutia mfuko wa silikoni nyuma ya titi au nyuma ya msuli wa kifua. Kirefu ni kile kinachofuata. Siku za kwanza kifua huvimba na kubana, hata kujiinua kitandani ni taabu. Sidiria ya kushikilia huvaliwa usiku na mchana kwa majuma kadhaa, na kulala kifudifudi hakuruhusiwi. Kwa majuma manne hadi sita mgonjwa hanyanyui kitu kizito wala hainui mikono juu ya kichwa kwa nguvu.

Sasa mtazameni mama wa Rumonge. Huchota maji, hutwanga, hubeba vikapu vya chikichi kwenda kukamuliwa mawese, na mtoto yuko mgongoni, kanga imekazwa juu ya kifua kile kile. Majuma sita ya namna hiyo si mapumziko. Ni nyumba nzima kubadilishwa. Asiyekuwa na dada au mama mkwe wa kushika kazi hizo atazishika mwenyewe siku ya kumi, na mshono utafumuka.

Safari nayo ihesabiwe. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, kisha Manyovu, Mugina na Nyanza-Lac, ni mwendo mrefu wa kutikiswa. Heri kukaa huko mpaka daktari auone mshono na kuruhusu. Homa, wekundu, usaha, au titi moja kuvimba ghafla kuliko la pili, si mambo ya kungojea kesho wala ya kukandwa kwa majani. Na anayenyonyesha angoje: titi huhitaji miezi kadhaa baada ya kuachisha ndipo litulie.

Tena mfuko si wa maisha. Mwili huuzungushia utando wa kovu, ambao kwa wengine hukaza na kulifanya titi kuwa gumu na lenye maumivu. Mfuko waweza pia kupasuka kimya kimya, ndiyo sababu hupigwa picha baada ya miaka kadhaa. Wengi hurudi kwenye kisu kabla ya miaka 15 kupita. Mwanamke wa kwanza kutiwa mifuko ya silikoni, Timmie Jean Lindsey wa Marekani, mama wa watoto sita, alitiwa mwaka 1962 huko Houston, naye hakwenda kwa ajili hiyo: alitaka kufutiwa michoro ya ngozi.

Msisahau hati. Kampuni ya PIP ya Ufaransa ilijaza mifuko yake silikoni ya viwandani, isiyokusudiwa mwili wa binadamu, ikaiuza katika nchi nyingi mpaka ilipofungwa mwaka 2010. Mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013. Mwanamke aliyekuwa na karatasi yenye jina na namba ya mfuko wake alijua mara moja kama yumo. Asiyekuwa nayo alibaki kubahatisha.

Kuhusu sindano za kukuza matiti zinazotolewa vichochoroni, nasema neno moja: zikimbieni.

Bibi yule alisikiliza, akahesabu kwa vidole. Mdogo wake yuko Bujumbura, ameolewa. Kitinda mimba bado hubebwa. Mwishowe akasema atamwuliza kwanza mumewe likizo yake ni ya siku ngapi, na kama anajua kutwanga.